Barua kwa Yaya: Wananiita Profesa, na mimi nimekwama ukurasa wa 38

Yaya mpendwa,

Nakusalimu toka Katuba, hapa Lubumbashi. Ninasoma majibu yako kwa barua za wasomaji, wewe tunayekuita Yaya, yaani mkubwa wetu, tangu nikiwa mwanafunzi na sikudhani siku moja nitakuandikia mimi, tena kwa sababu ya kitabu cha hesabu.

Nina miaka 27. Nafundisha hesabu sekondari, mwaka wa tatu na wa nne, seksio ya sayansi, saa 24 kwa juma. Tangu nimalize masomo ya ualimu, miaka 4 iliyopita, nina hamu moja: kurudi chuoni kufanya master ya hesabu. Profesa mmoja niliyemwendea aliniambia bila kuzunguka kwamba sisi tuliosomea ualimu tunajua kukokotoa deriva na integrali, ila tukiambiwa tuthibitishe kitu tunakwama. Akanitajia kitabu cha analizi (deriva na integrali pamoja na uthibitisho wake) cha Kiingereza kinachotumika katika vyuo vingi vya dunia. "Kimalize hicho, kisha uje." Nikakipiga fotokopi chote, kurasa zaidi ya 300, na kaka yangu anayefanya kazi Kolwezi akalipa. Kila mwezi ananitumia dola 50 ili niache kufundisha watoto majumbani jioni na nipate muda wa kusoma.

Yaya, ni miezi 8 sasa. Niko ukurasa wa 38. Usiku umeme ukikatika nasoma kwa taa ya simu, makala (makaa) yanazimika kwenye mbabula, jiko letu, mama anakohoa chumbani, na mimi bado niko kwenye mstari uleule. Ukurasa mmoja unanila siku nne. Sasa niko kwenye seti kompakti. Maana yake nimeisoma mara 20, kila neno nalijua, lakini yote pamoja hayaniambii kitu.

Kila siku ya posho (Jumamosi), saa nane, nakutana na walimu wenzangu katika darasa moja tupu tusome pamoja. Mwanzo tulikuwa watatu, mimi nikiwa mwanamke peke yangu. Majuma ya kwanza nilifanya mazoezi kwa nguvu zangu. Halafu likaja zoezi lililonishinda juma zima, na nikaona haya kwenda mikono mitupu. Nikanunua mega, nikatafuta jibu kwenye intaneti, nikalinakili kwenye daftari, nikalikariri usiku, na kesho yake nikaliandika ubaoni kama langu. Wakanipigia makofi. Tangu siku hiyo ndivyo ninavyofanya, na wao wananiita Profesa.

Mwezi wa tano akaingia Papa mmoja (ndivyo tunavyowaita wanaume wakubwa), mwalimu wa miaka karibu 50, akaanza kitabu toka mwanzo. Pale mwanzoni kitabu kinaonyesha kwamba hakuna namba wiano (zile za sehemu) ambayo kipeo chake cha pili, yaani ikizidishwa kwa yenyewe, ni 2. Kisha kinasema: chukua namba wiano p, kubwa kuliko 0, ambayo kipeo chake hakijafika 2. Kuna nyingine kubwa kuliko p ambayo nayo haijafika, nayo ni hii: q = p − (p² − 2)/(p + 2). Papa akaniuliza mbele ya wote: "Profesa, hii p + 2 imetoka wapi? Kwa nini si p + 3?"

Sikujua. Sijawahi kujua. Nikamjibu, "Papa, hilo utaliona mbele." Akainama, akaandika kwenye daftari lake: tutaliona mbele. Nilimwona akiandika. Maneno yale yananirudia kila usiku.

Na kaka, aliponipigia simu kuuliza nimefika wapi, nilimwambia ukurasa wa 120.

Sasa nifanye nini? Niache kitabu hiki nitafute chepesi? Niwaambie wenzangu ukweli? Nirudishe pesa za kaka? Au nikubali tu kwamba kichwa changu si cha hesabu hizi?

Mimi,
Profesa wa uongo

*

Mdogo wangu,

Pole. Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa na kalamu mkononi. Nilifundisha hesabu miaka 31 kabla ya kukaa kwenye kiti hiki cha kujibu barua, na naujua huo usiku wa mstari mmoja.

Naona umeniletea mizigo mitatu: kitabu kisichosogea, daftari la majibu yasiyo yako, na watu wawili uliowaambia lisilo kweli. Yote umeifunga kamba moja ukaipa jina: sina kichwa. Naomba tuifungue kamba hiyo, maana kila mzigo una uzito wake, na huenda mmoja si mzigo kabisa.

Tuanze na swali la Papa, kwa sababu ndilo lililonishika.

Twaa karatasi. Chora ule mstari uliopinda wa y = x² − 2, unaowachorea wanafunzi wako kila mwaka. Unakata mstari wa chini, ule wa x, pale kwenye kipeuo cha pili cha 2 (namba ambayo kipeo chake cha pili ni 2), mahali ambapo hakuna namba wiano. Sasa weka nukta juu yake pale x ni 1: nukta hiyo iko chini, kwenye −1. Weka nyingine pale x ni 2: hiyo iko juu, kwenye 2. Ziunganishe kwa rula. Rula yako inakata mstari wa chini wapi? Kwenye 4/3. Na fomula ya kitabu, ukiweka 1 mahali pa p, inakupa 4/3.

Umeona? Ile p + 2 ni mwinuko wa rula. Haikuanguka toka mbinguni. Na kwa kuwa mstari uliopinda unaning'inia chini ya rula, kama kamba ya kuanikia nguo kati ya miti miwili, rula inaufikia mstari wa chini mapema zaidi. Ndiyo maana q inasogea mbele ya p lakini hairuki ng'ambo. Endelea na hesabu: toka 4/3 unapata 7/5, toka 7/5 unapata 24/17. Kipeo cha pili cha 24/17 ni 576/289, na 2 yenyewe ni 578/289. Umebakiza 2 juu ya 289, na bado hujafika, wala hutafika.

Kuhusu p + 3: Papa aliona vizuri! 3 nayo inafaa. Peleka nukta ya pili hadi pale x ni 3, uchore rula tena, na toka 1 utatua kwenye 5/4. Unakwenda polepole kuliko kwa 2, ila uthibitisho unasimama vilevile. Mwandishi alichagua 2, hakusema kwa nini, akaendelea na safari yake.

Sasa nikuulize kwa upole. Swali hilo lilikuaibisha kwa sababu hukujua jibu, au kwa sababu nawe uliwahi kujiuliza na ukajinyamazisha? Maana nikisoma barua yako naona mtu anayefikiri kwamba wenye kichwa huisoma ile fomula na kuendelea. Mimi nadhani Papa, aliyesimama hapo, ndiye aliyekuwa anasoma.

Kuna jambo la zamani linalokuhusu. Mwaka 1858, Richard Dedekind alianza kufundisha kalkulasi Zurich, Uswisi. Alikuwa mwalimu kijana, na mbele ya wanafunzi wake alilazimika kusema kwamba kitu kinachopanda bila kuvuka mpaka fulani lazima kikaribie kikomo fulani, na sababu pekee aliyokuwa nayo ni mchoro. Hakuridhika kufundisha asichoweza kukithibitisha. Mwezi wa 11 mwaka uleule akapata namna ya kuziba matundu yaliyo kati ya namba wiano, na hakuichapisha mpaka 1872. Miaka 14. Tundu lile la kipeuo cha 2 unalolisoma mwanzoni mwa kitabu chako ndilo hilo. Lilianza na mwalimu aliyesimama ubaoni akijua moyoni kwamba anachosema hakina mguu. Hali hiyo unaijua.

Kwa hiyo chora, mdogo wangu. Kitabu cha aina hii kinaficha michoro kwa sababu mchoro hauthibitishi. Lakini unakuonyesha mahali pa kuelekea. Ukishaona kwa rula, rudi uandike kwa herufi: q² − 2 = 2(p² − 2)/(p + 2)². Hapo hakuna mchoro tena, na kila mtu lazima akubali.

Tuje kwenye zile siku nne kwa ukurasa. Nani alikuambia ni nyingi? Mwandishi wa kitabu kama hicho anaruka hatua makusudi ili msomaji azijaze mwenyewe. Mwanafunzi wa chuo akikwama usiku, asubuhi ana mwalimu mbele yake, mchana ana asistenti wa mazoezi, jioni ana wenzake. Wewe usiku una taa ya simu, na asubuhi una darasa lililojaa watoto. Sisemi mwendo wako ni mzuri au mbaya. Nauliza tu unajipima na nani.

Na katika siku hizo nne, ngapi zinaliwa na lugha? Wewe ulisoma hesabu kwa Kifaransa. Kwa Kifaransa tulifundishwa kwamba 0 ni positif (chanya), na tukitaka kuitoa tunaongeza strictement (kabisa). Kwa Kiingereza neno lilelile linaiacha 0 nje. Namba asilia zetu zinaanza na 0, zao mara nyingi zinaanza na 1. Na lile neno lao upper bound, linalosikika kama borne supérieure (mpaka wa juu) yetu, maana yake ni majorant tu, yaani namba yoyote isiyozidiwa na zile za seti. Borne supérieure yenyewe, ile ndogo kuliko majorant zote, wanaiita kwa jina lingine, least upper bound. Mtu akichanganya hapo, uthibitisho mzima unageuka ukungu, naye ataapa kwamba shida ni akili yake. Andika kamusi yako ndogo nyuma ya daftari. Huenda baadhi ya ukungu ukatoka hivyo tu.

Hata ile seti kompakti, usiishike kwa maneno yake kwanza. Chukua namba zote kati ya 0 na 1, bila ncha zake. Zifunike kwa vipande, navyo bila ncha zake: toka 1/2 hadi 1, toka 1/3 hadi 1, toka 1/4 hadi 1, na kuendelea bila mwisho. Vipande vyote pamoja vinafunika kila namba. Sasa jaribu kubakiza vichache tu. Hata ukibakiza 1000, kile kirefu kuliko vyote kinaanzia mahali fulani baada ya 0, na namba zilizo kabla ya hapo zimebaki uchi. Kisha rudisha ncha mbili, 0 na 1. Lazima uongeze vipande vya kuzifunika, na kwa kuwa hakina ncha, kile kinachofunika 0 kinabeba pia majirani zake wa karibu wote, kwa hiyo ghafla vichache vinatosha. Seti ambayo vichache vinatosha kila mara, ukiifunika kwa vipande vyovyote vya namna hiyo, ndiyo inayoitwa kompakti. Kaa na mfano huo siku mbili, halafu urudi kusoma maana yake kwa mara ya 21.

Kwenye daftari la majibu nitakwenda taratibu, kwa sababu hapo ndipo unapojihukumu kwa ukali. Kutazama jibu la mtu si wizi. Hivyo ndivyo tulivyojifunza wote, kwa kutazama mkono wa mwalimu ubaoni. Kilichokosekana kwako ni usiku mmoja katikati. Ulitazama leo ukasema kesho, na jibu halikupata muda wa kulala ndani yako. Jaribu hili ukiwa peke yako: fungua zoezi moja la kale, funika jibu, uliandike upya. Mahali utakapokwama, andika pembeni ni wazo gani hukuwa nalo. Utakuta baadhi ya majibu yale yamekuwa yako bila wewe kujua, na mengine bado ni ya mwenyewe. Itakusaidia kujua una deni kiasi gani kabla ya kuamua kulilipa.

Kuhusu kuwaambia wenzako, sitakuamulia. Uko mwanamke peke yako kati ya wanaume, na jina la Profesa limekupa kiti ambacho pengine usingepewa bure. Ukisimama siku ya posho ukasema yote, unaweza kupata wepesi mkubwa. Unaweza pia kukuta mmoja analifanya kuwa hadithi ya kusimuliwa shuleni. Wewe ndiwe unayewajua. Unaweza kuanza na Papa peke yake, kwa sababu yeye ndiye mwenye maneno yako kwenye daftari. Au unaweza kubadilisha desturi ya kundi bila kutaja yaliyopita: mkubaliane kwamba kila mmoja aje na mahali alipokwama badala ya jibu. Njia hiyo ni laini zaidi, ila ina hatari yake: uongo unabaki chini ya mkeka, na makofi ya zamani yataendelea kukuuma. Najiuliza pia, hao wengine hawana daftari kama lako? Miezi 8 na kitabu kilekile, na hakuna aliyewahi kusema "sijui" mpaka Papa alipokuja.

Kubadilisha kitabu nako kuna pande zake. Kile chepesi cha Kifaransa, chenye michoro na mifano, kinaweza kukurudishia pumzi, na hakuna aliyekuandikia sheria kwamba vitabu viwili haviwezi kukaa meza moja. Hatari yake ni kwamba chepesi kinateleza. Unafika mwisho ukidhani umeelewa, na profesa akikuambia "thibitisha" unarudi palepale. Ukibaki na hiki kigumu peke yake, hatari ni kwamba uchovu utakuvunja kabla ya sura ya tatu. Wapo wanaosoma mada kwanza katika chepesi, kisha wanaikabili katika kigumu wakiwa tayari wanajua inaelekea wapi. Mimi nilifanya hivyo, lakini nilikuwa na mtu wa kunisikiliza. Wewe huna, na hilo ndilo pengo linalonisumbua kuliko kitabu chenyewe. Katika vyuo vya mjini kuna maasistenti wa hesabu ambao wangekubali saa moja kwa mwezi, wewe ukieleza uthibitisho mmoja na yeye akikukatiza kila unapopapasa. Muonane mahali pa watu wengi, mchana, na mpatane mapema kama kuna malipo, ili lisigeuke jambo lingine.

Na pengine profesa yule angefurahi kumwona mtu aliyerudi na sura mbili alizozijua kabisa pamoja na maswali matano. Sijui. Neno "kimalize" ni lake, lakini wewe ulilibeba bila kumuuliza alimaanisha kukimaliza vipi.

Limebaki la kaka. Hapo nakusikia unavyolia. Yeye anahesabu kurasa kwa sababu hana kitu kingine cha kuhesabu. Hakuna aliyemwambia kwamba kazi hii haipimwi hivyo. Ukimrudishia dola zake bila maneno, atadhani umeacha. Ukimwambia 38 bila maelezo, atadhani umelala. Labda siku atakapokuja Lubumbashi umwonyeshe ukurasa mmoja pamoja na karatasi ulizojaza kwa ajili yake, aone kwa macho siku nne zinakwenda wapi. Anaweza kukasirika kwa ile 120, na ana haki. Ila mtu anayekutumia dola 50 kila mwezi toka Kolwezi ili dada yake asome hesabu, sidhani ni mtu wa kukuacha kwa namba moja.

Nakuomba jambo dogo tu kabla hujaamua lolote. Rudi kwenye ile fomula, lakini sasa weka 1 mahali pa ile 2 ya chini, iwe p + 1. Anza na p = 1, uchore rula, utazame unatua upande gani wa tundu, na kwa nini. Ukipata, mpelekee Papa, umwambie swali lake ndilo lililokufikisha hapo. Kisha niandikie alisema nini.

Wako,
Yaya